Mtoto Kuingia Timu ya Soka na ya Kuogelea Haiskuli Marekani: Mwongozo Kamili kwa Wazazi, Kuanzia Aprili Hadi Machi

Kila Septemba wazazi wetu wanauliza swali lilelile. Mtoto alikwenda kumwona kocha wa soka, akaambiwa kikosi kimekamilika, arudi mwakani. Mzazi haelewi, maana shule imefunguliwa juzi tu.

Jibu liko kwenye kalenda. Katika majimbo mengi timu za vuli huanza mazoezi mwanzoni mwa Agosti, mahali pengine Julai, na wachezaji huchaguliwa kabla masomo hayajaanza. Mtoto wako hakukosa nafasi kwa sababu hajui mpira. Alikosa karatasi moja, au alichelewa wiki mbili. Na kwa kijana wa miaka 17, mwaka mmoja ni mwingi mno.

Mwongozo huu ni kwa wazazi na walezi wanaozungumza Kiswahili, wengi wao waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma, au Kampala, kabla ya kufika Marekani, wenye mtoto wa darasa la 8 hadi la 12. Nimeupanga kwa familia inayotaka mtoto acheze soka vuli, kisha aogelee majira ya baridi. Ukitaka mchezo mmoja tu, ruka hatua zisizokuhusu. Sheria hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, kwa hiyo tarehe za mwisho zipate shuleni kwa mtoto, si kwa jirani.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Viweke vyote kwenye bahasha moja, na kila karatasi ipige picha kwa simu.

- Hati inayoonyesha tarehe ya kuzaliwa ya mtoto: cheti cha kuzaliwa, pasipoti, au I-94.
- Uthibitisho wa anwani: mkataba wa nyumba, au bili ya umeme au maji yenye jina lako.
- Rekodi ya chanjo.
- Kadi ya bima ya afya, iwe Medicaid au ya kazini.
- Hati ya ulezi kutoka mahakamani, kama mtoto si wa kumzaa wewe.
- Barua pepe yako mwenyewe, unayojua nywila yake na unayoifungua kila siku. Usitumie ya mtoto.
- Fomu ya uchunguzi wa afya ya michezo ya jimbo lenu. Watoto huiita fizikali.
- Kwa soka: njumu, soksi ndefu, vikinga ugoko vyenye muhuri wa NOCSAE (alama ya usalama wa vifaa vya michezo), na chupa kubwa ya maji.
- Kwa kuogelea: vazi la kuogelea la mashindano, miwani ya kuogelea, kofia ya mpira, taulo mbili, kandambili.

Vifaa usivinunue leo. Makocha wengi wana kabati la njumu na miwani zilizoachwa na wanafunzi waliohitimu, na timu nyingi hutoa sare na kofia. Vikinga ugoko ndivyo pekee vya kuwa makini navyo ukinunua mtumba, kwa sababu visipokuwa na muhuri refa hamruhusu mtoto kuingia uwanjani.

## Hatua ya 1: Jua misimu ya jimbo lako (Aprili)

Hakuna kalenda moja ya nchi nzima. Kila jimbo lina chama chake cha michezo ya shule: Texas ni UIL, Kentucky ni KHSAA, Ohio ni OHSAA. Chama hicho ndicho kinachopanga siku ya kwanza ya mazoezi na siku ya fainali.

Ohio, Kentucky na Maine huchezwa soka vuli, kuanzia Agosti, na kuogelea huja majira ya baridi hadi Februari. Hapo mtoto mmoja anaweza kufanya yote mawili bila kumkosea kocha yeyote. Texas ni tofauti: waogeleaji huanza vuli na kumaliza Februari, na soka huanza Januari hadi Aprili, kwa hiyo misimu inagongana na lazima mtoto achague. Arizona kuogelea ni vuli na soka ni baridi. Minnesota wasichana huogelea vuli, wakati uleule wa soka, lakini wavulana huogelea baridi. Illinois wavulana hucheza soka vuli, wasichana majira ya kuchipua.

Piga simu ofisi ya shule, omba kuzungumza na mkurugenzi wa michezo. Pale shuleni wanamwita AD. Muulize mambo matatu: mazoezi ya kwanza ni tarehe ngapi, usajili unafanyika wapi, na fizikali iwe imefanywa baada ya tarehe gani.

Kama Kiingereza kinakusumbua, omba mkalimani wa Kiswahili. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na huduma hiyo hulipi. Usimtume mtoto atafsiri. Mtoto anayetafsiri hukuambia anayotaka uyasikie, na habari ya alama mbaya ndiyo ya kwanza kuachwa njiani.

Hatua hii imekamilika ukiwa na majibu yote matatu kwenye kalenda ya ukutani, ya soka na ya kuogelea.

## Hatua ya 2: Hakikisha mtoto anaruhusiwa kucheza

Hapa ndipo familia zetu huumia zaidi, na mara nyingi hugundua tatizo mtoto akiwa tayari amevaa jezi. Kuna mambo matano.

Umri. Karibu kila jimbo lina kikomo. Texas, mchezaji lazima awe chini ya miaka 19 ifikapo tarehe 1 Septemba. Watoto wengi waliopitia kambini wameandikwa kuzaliwa 1 Januari kwa sababu tarehe halisi haikujulikana au karatasi zilipotea vitani. Mtoto wa miaka 17 anaweza kuwa 18 au 19 kwenye makaratasi. Kama tarehe si sahihi na una ushahidi, ipo njia ya kisheria ya kuirekebisha, lakini ni ya miezi mingi. Anzia kwa shirika la msaada wa kisheria kwa wakimbizi. Usiandike tarehe tofauti kwenye fomu ya michezo ili apite. Timu nzima inaweza kunyang'anywa ushindi, na karatasi mbili zinazopingana zinaweza kukusumbua kwenye mambo ya uhamiaji, ambayo ni mazito kuliko mpira.

Mihula minane. Siku mtoto anapoingia darasa la 9, anaanza kuhesabiwa mihula minane mfululizo, yaani miaka minne. Aliyeingia Agosti 2025 atamaliza muda wake majira ya kuchipua ya 2029. Akirudia darasa, hesabu haisimami. Kwa hiyo anayesema "nitacheza mwakani Kiingereza kikiwa kizuri" anatumia muda ambao haurudishwi. Kiingereza kitakuja uwanjani.

Makazi. Chama cha jimbo hutaka mtoto asome shule ya eneo wanaloishi wazazi wake. Familia nzima ikihama, kwa kawaida mtoto anaruhusiwa, mradi upeleke mkataba mpya wa nyumba. Akihama peke yake kwenda kukaa kwa shangazi au mjomba mji mwingine, jambo la kawaida kabisa kwetu, anaweza kuzuiwa kucheza hata mwaka mzima. Sababu ni kwamba sheria inazuia shule kuibiana wachezaji, na haijui kwamba kwetu mtoto wa ndugu ni mtoto wako. Kabla ya kumhamisha, zungumza na AD wa shule anayokwenda. Hati ya ulezi ya mahakama husaidia. Barua ya mchungaji au ya kiongozi wa jumuiya peke yake haitoshi.

Alama. Texas, aliyepata chini ya 70 katika somo kipindi cha matokeo hukaa nje wiki 3 kabla ya kupimwa tena. Majimbo mengine yana kipimo chao. Jua kipimo cha shule yenu sasa, uombe nywila ya mzazi ya tovuti ya alama.

Pesa na timu za nje. Mashindano ya jumuiya zetu wakati wa kiangazi ni mazuri, yanakutanisha watu. Lakini mengine hutoa zawadi ya fedha taslimu, na mwanafunzi anayepokea fedha kwa kucheza anaweza kupoteza hadhi yake ya ridhaa. Acheze, ila bahasha asiiguse, na kabla ya kucheza amuulize kocha. Vilevile, Illinois hairuhusu mchezaji wa timu ya shule kucheza mchezo huohuo katika timu ya nje msimu ukiwa unaendelea. Uliza kama jimbo lenu lina katazo hilo kabla hajaitwa kucheza Jumapili na kaka zake.

## Hatua ya 3: Fizikali (Mei au Juni)

Bila fomu hii kocha haruhusiwi kumwingiza mtoto mazoezini hata siku moja. Ikifika Julai, kliniki hujaa, na miadi ya karibu huwa baada ya wiki kadhaa. Ndiyo sababu ninasisitiza Mei.

Kliniki nyingine hutoza fedha kwa fomu ya michezo peke yake. Mtoto mwenye Medicaid ana haki ya uchunguzi wa kawaida wa afya mpaka afikishe miaka 21. Kwa hiyo omba miadi ya uchunguzi wa mwaka, kisha mpe daktari fomu ya michezo aijaze siku hiyohiyo. Shule nyingi pia hupanga siku moja ya fizikali ya bei nafuu kabla ya kufunga, muulize AD.

Ukurasa wa kwanza, wa historia ya afya, unaujaza wewe mzazi. Wengi wetu tunaandika "hapana" kila mahali tukiogopa mtoto atakataliwa. Tafadhali usifanye hivyo. Maswali yale yanatafuta mtoto ambaye moyo wake unaweza kusimama uwanjani. Mwambie daktari kama mtoto:

- amewahi kuzimia au kusikia maumivu ya kifua akikimbia;
- ana ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana;
- ana pumu, hata kama ni ya baridi tu;
- ana selimundu (sickle cell), au amebeba kinasaba chake.

La mwisho linatuhusu sana sisi tuliotoka Afrika ya Kati na Mashariki. Mtoto aliyebeba kinasaba kimoja tu huishi kama wengine na anaruhusiwa kucheza, lakini mazoezi makali kwenye joto, bila maji wala mapumziko, yanaweza kumdhuru vibaya. Kocha akijua, atampumzisha kwa wakati.

Kabla ya kutoka kliniki kagua fomu: sahihi ya daktari, tarehe, muhuri, na alama kwenye sehemu inayosema anaruhusiwa bila masharti. Fomu nyingi hurudishwa kwa kukosa tarehe tu. Majimbo mengi huikubali kwa mwaka mmoja. Minnesota hukubali miaka 3.

## Hatua ya 4: Usajili wa mtandaoni

Fizikali peke yake haimsajili mtoto. Kuna akaunti ya kufungua kwenye tovuti ya michezo ya shule, na ndani yake karatasi nyingi za kutia sahihi: mtikisiko wa ubongo, moyo kusimama ghafla, ruhusa ya usafiri, mtu wa kupigiwa simu ya dharura.

Andika jina la mtoto kama lilivyo kwenye rekodi za shule, herufi kwa herufi. Majina yetu matatu huchanganywa, na mfumo usipomtambua, usajili unakwama kimyakimya. Pakia picha za fizikali zikiwa wazi, kurasa zote. Mzazi anatia sahihi sehemu zake, mtoto anatia zake.

Kwenye mtu wa dharura, weka anayeshika simu saa za mchana. Kama unafanya kazi kiwandani ambako simu hufungiwa kabatini, weka na jina la pili.

Shule nyingine hutoza ada ya michezo. Kama mtoto anapata chakula cha bure shuleni, uliza msamaha wa ada; wilaya nyingi wanao, lakini hautolewi mpaka uombwe.

Hatua imekamilika pale tu ukurasa unapoonyesha kwamba maombi yamekamilika au yamepitishwa. "Yametumwa" haitoshi. Ikipita wiki bila kubadilika, mpigie AD.

## Hatua ya 5: Kiangazi (Juni na Julai)

Timu nyingi za soka huwa na mazoezi ya hiari kiangazi. Ni ya hiari kweli kwenye karatasi, lakini siku ya uchaguzi kocha humkumbuka aliyemwona. Mpeleke. Asipopata usafiri, akimbie mtaani asubuhi, dakika 20 hadi 40, akizidisha polepole. Mtoto anayefika Agosti bila mwili kuzoea joto huanguka siku za kwanza, na hizo ndizo siku za kupimwa.

Maji ni habari nyingine, na hapa nataka usome taratibu.

Vijana waliokulia Uvira, Kalemie au Kigoma wanajua ziwa. Wanaelea, wanapiga mbizi, wanaogelea kichwa kikiwa juu. Huo ni mwanzo mzuri, lakini bwawa la mashindano linataka uso ndani ya maji, pumzi ya pembeni, na kugeuka ukutani. Wengine wamekulia bara kavu na hawajawahi kuingia maji yanayopita kiuno, na kwa aibu hawasemi. Mzazi, muulize mwanao waziwazi: unaweza kuvuka bwawa bila kushika ukingo? Kama hawezi, hiyo si aibu, ila ni jambo la kushughulikia kabla ya Novemba. Hapa Marekani vijana weusi hufa maji kwenye mabwawa kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko wenzao weupe, na hatari iko palepale anapoona haya kusema hajui.

Nenda YMCA (kituo cha michezo cha jamii) au bwawa la manispaa, uliza masomo ya kuogelea na punguzo la ada kwa familia za kipato kidogo. Beba uthibitisho wa mapato. Lengo la kiangazi ni dogo: mtoto avuke bwawa mara mbili bila kusimama, uso ukiwa majini, na aweze kuelea chali kupumzika. Akifika hapo, timu nyingi za shule zitampokea, kwa sababu kuogelea ni mchezo ambao shule nyingi hazikati watu. Mwanzoni hatakuwa na kasi, na hakuna anayemtarajia awe nayo.

## Hatua ya 6: Siku za majaribio ya soka (Agosti)

Majaribio huchukua siku chache. Afike mapema, njumu zimefungwa, vikinga ugoko vimevaliwa, maji ya kutosha. Kukosa siku moja kwa sababu ya kuwaangalia wadogo zake kunaweza kumtoa, kwa hiyo panga mapema nani atabaki na watoto wiki hiyo.

Mpira watoto wetu wanaujua. Huko Lewiston, Maine, mwaka 2015 timu ya shule ilitwaa ubingwa wa jimbo ikiwa na kikosi kilichojaa vijana wa familia za wakimbizi, wengi wao Wasomali. Makocha wanalijua hilo. Wanachotazama zaidi wiki hii ni mengine: anapopoteza mpira anarudi kukaba? Anapoitwa anakimbia au anatembea? Anapasia mwenzake asiyemfahamu? Mchezaji wa chandimu mwenye chenga nyingi huachwa mara kwa mara, na anayejua kupasi na kurudi huchukuliwa.

Akiwekwa timu ya pili, inayoitwa JV, asikasirike wala wewe usimpigie kocha simu ya malalamiko. JV hucheza mechi nyingi, na kijana wa darasa la 9 anayecheza dakika zote huko hukua kuliko anayekaa benchi timu kubwa. Akiachwa kabisa, aende yeye mwenyewe kumuuliza kocha afanye nini ili arudi mwakani. Na akumbuke Novemba iko karibu, bwawa linamsubiri.

## Hatua ya 7: Kuishi ndani ya msimu wa soka

Mazoezi ni karibu kila siku baada ya masomo. Shida kubwa ya familia zetu ni usafiri wa jioni. Uliza kama kuna basi la jioni la wanamichezo. Kama hakuna, tafuta wazazi wengine wawili watatu wa timu, mfungue kundi la WhatsApp, mgawane siku. Wazazi wa Kimarekani wamezoea kubebeana watoto, omba tu.

Mechi ni dakika 80, vipindi viwili vya 40. Mchezaji aliyetoka anaweza kurudi tena, jambo lisilokuwepo kwenye soka tunayoitazama televisheni, kwa hiyo kutolewa si adhabu. Kadi ya njano humtoa mchezaji uwanjani kwa muda ili apoe, na mwenzake anaweza kuingia nafasi yake. Matusi, hata kwa Kiswahili, yanaadhibiwa refa akiyaelewa kwa sauti na ishara. Na wewe mzazi ukimfokea refa, unaweza kutolewa uwanjani mbele ya mwanao.

Hereni, mikufu na bangili vivuliwe. Hijabu inaruhusiwa; mjulishe kocha mapema ili siku ya mechi pasiwe na mabishano. Kama soka ya jimbo lenu huchezwa majira ya kuchipua au, kama Texas, kuanzia Januari, Ramadhani ya miaka hii inaangukia katikati ya msimu, kati ya Februari na Machi. Kijana anayefunga aseme mapema, apangiwe mapumziko na nafasi ya kufuturu.

### Akigongwa kichwa

Jambo hili lipe uzito wa peke yake. Jimbo la Washington lilitunga sheria ya kwanza mwaka 2009, na leo majimbo yote yanayo: mwanafunzi anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo anatolewa mara moja, na harudi mpaka mtaalamu wa afya aandike kwamba amepona.

Si lazima azimie. Tazama kama analalamika kichwa, kichefuchefu, mwanga unamuumiza, anauliza jambo moja mara mbili, au usingizi wake umebadilika. Akianza kutapika mara kwa mara, kuchanganyikiwa zaidi au kushindwa kuamka, piga 911. Mtoto atakusihi usiseme kwa sababu kuna mechi Alhamisi. Sema. Pigo la pili kabla la kwanza halijapona ndilo linaloua au kumharibu kijana maisha.

Msimu unakwenda vizuri ukiona haya: alama hazijashuka, mtoto anakula na kulala, na anawataja wenzake kwa majina.

## Hatua ya 8: Kuhamia bwawani (Novemba)

Mwambie kocha wa kuogelea tangu Septemba kwamba mwanao anakuja soka ikiisha. Atamwekea nafasi, na hatashangaa akichelewa siku chache kwa sababu timu ya soka imeingia mtoano. Hakikisha pia usajili wa kuogelea umefanywa; mara nyingi fizikali ni ileile, lakini mchezo huongezwa upya kwenye tovuti.

Siku ya kwanza mtoto amwambie kocha ukweli kuhusu kiwango chake. Atawekwa njia ya wanaoanza. Miguu ya soka haimsaidii sana majini, na wiki mbili za kwanza atatoka akiwa hoi. Usimwache aache wiki hizo. Pumzi ikikubali, muda wake hushuka kila wiki, na saa ya bwawa haina upendeleo.

Timu nyingine hufanya mazoezi alfajiri kabla ya masomo. Atoke bwawani akiwa amekauka, na koti na kofia ya sufu, maana nywele mbichi kwenye baridi ya Ohio ni mateso.

Nywele ndizo huwakatisha tamaa mabinti wengi. Kabla ya kuingia, alowanishe nywele kwa maji safi na kupaka mafuta mazito ya kulainisha, kisha avae kofia. Nywele zilizokwisha kunywa maji safi hufyonza klorini kidogo. Mabutu ya mistari yaliyolala hukaa vizuri chini ya kofia kuliko rasta nene, na zipo kofia kubwa za kutosha nywele nyingi. Baada ya mazoezi asuuze mara moja.

Binti anayetaka kujisitiri kwa sababu ya dini anaweza kuomba vazi linalofunika mwili. Kocha aambiwe kabla ya kununua ili lifuate kanuni. Siku za hedhi anaweza kumwambia kocha tu kwamba leo haingii majini. Mama, zungumza naye mapema, asije akaacha timu kwa jambo ambalo makocha wanalikuta kila wiki.

Na akisema kuogelea si kwa watu weusi, mwonyeshe Simone Manuel, binti wa Sugar Land, Texas, aliyeshinda dhahabu ya mita 100 mtindo huru Rio mwaka 2016, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kushinda dhahabu ya Olimpiki ya mtu mmoja mmoja katika kuogelea.

## Hatua ya 9: Kuelewa siku ya mashindano ya kuogelea

Wazazi wengi huja mara moja, hawaelewi kinachoendelea, hawarudi. Elewa haya machache na utafurahia.

Bwawa la shule kwa kawaida lina urefu wa yadi 25, karibu mita 23. Mbio za 50 ni kwenda na kurudi. Mbio za 500 ni kuvuka bwawa mara 20. Kuna mashindano 12 yanayofuatana kwa mpangilio uleule: kupokezana 200 kwa mitindo minne, 200 mtindo huru, 200 mitindo minne ya mtu mmoja, 50 mtindo huru, kupiga mbizi kutoka ubaoni, 100 kipepeo, 100 mtindo huru, 500 mtindo huru, kupokezana 200 kwa mtindo huru, 100 chali, 100 mtindo wa chura, na kupokezana 400 kwa mtindo huru. Mtoto mmoja haruhusiwi zaidi ya manne, na kati ya hayo yasizidi mawili ya kuogelea peke yake. Ukikariri mpangilio, ukitoka kazini umechelewa utajua kama umewahi zamu yake.

Shule mbili zikikutana kwenye bwawa la njia sita, washindi wa mbio za mtu mmoja hupata pointi 6, 4, 3, 2 na 1. Maana yake aliyemaliza wa tano ameiongezea timu pointi. Kwa hiyo usimuulize "mbona umekuwa wa tano?" Muulize muda wake. Akishuka kutoka sekunde 41 hadi 38 kwenye 50, ameshinda siku hiyo, na wenzake watampigia makofi kwa dhati.

Anayeruka kabla ya mlio wa kuanzia huondolewa papo hapo, hakuna onyo. Kwenye kipepeo na mtindo wa chura, mikono miwili lazima iguse ukuta kwa pamoja. Mkono mmoja ukitangulia, matokeo yanafutwa. Karibu kila anayeanza hufutiwa mara kadhaa. Ni sehemu ya kujifunza.

Kuelekea mashindano makubwa ya mwisho, kocha hupunguza mazoezi makusudi ili mwili upumzike. Mtoto akirudi mapema nyumbani wiki hiyo, hajatoroka. Usimjazie kazi za nyumbani pengo hilo, mwache alale.

## Hatua ya 10: Kufunga msimu

Rudisha sare zote zikiwa zimefuliwa, za soka Novemba na za kuogelea Machi. Kisichorudishwa hutozwa, na deni linaweza kumkwamisha mtoto kusajiliwa msimu ujao. Nenda kwenye chakula cha jioni cha timu hata kama huna cha kusema; makocha huwakumbuka wazazi waliokuja, na mtoto wako hukumbuka zaidi.

Angalia tarehe ya fizikali. Iliyofanywa Mei mwaka jana huenda isivuke Agosti ijayo.

Kama mtoto yuko darasa la 10 au la 11 na anataka kucheza chuoni, muone kaunsela sasa. Vyuo vikubwa vya NCAA (chama cha michezo ya vyuo), vya daraja la kwanza na la pili, hudai masomo 16 ya msingi yaliyoidhinishwa, na si kila somo la Kiingereza kwa wageni huhesabiwa. Mwombe kaunsela afungue orodha ya masomo yaliyoidhinishwa ya shule hiyo na aiweke pembeni ya ratiba ya mtoto. Pengo likionekana darasa la 10 kuna muda wa kulijaza. Likionekana darasa la 12 kinachobaki kwa kawaida ni chuo cha jumuiya cha miaka miwili, ambacho nacho kina timu za soka, na baadhi za kuogelea, na hakifuati hesabu hiyo ya masomo 16.